Mwenda Jean-Bosco: vidole viwili vilivyofanya kazi ya orkestra nzima

BUKAVU – Ukiuliza leo Kadutu, Bagira au Ibanda ni Mkongomani gani aliyewafundisha majirani zetu wa Afrika ya Mashariki kupiga gitare kavu, wengi watataja majina ya Kinshasa. Jibu liko upande wa kusini, Katanga. Mtu huyo aliimba kwa Kiswahili ambacho mama anayeuza sambaza kwenye soko la Kadutu angekisikia bila mkalimani. Aliitwa Mwenda Jean-Bosco, na baadaye Mwenda wa Bayeke. Alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari inchini Zambia, na tangu hapo jina lake limezidi kukua mbali na kwao huku likififia kwa wale wanaosema lugha yake.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, si mbali na mji wa Likasi, uliokuwa ukiitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji. Bunkeya si kijiji cha kupita tu. Katika karne ya 19 ilikuwa makao ya mfalme M'siri, aliyetoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, akifuata njia za shaba na pembe za ndovu, akajenga ufalme wa Garenganze. Wafuasi wake ndio walioitwa Bayeke. M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu waliotumwa kwa niaba ya mfalme Léopold II, na jina Mwenda likabaki kuwa jina la ukoo wake wa kitawala. Kwa hiyo mpiga gitare huyu alipoitwa Mwenda, kila mtu wa Bunkeya alijua jina hilo linatoka wapi. Jina la pili, Jean-Bosco, ni la mtakatifu wa Italia ambaye shirika lake, Wasalesiani, lilifika Katanga mwaka 1911. Mtoto mmoja, majina mawili: la ufalme ulioanguka na la misheni iliyokuja baadaye.

Kuhusu Kiswahili chake, nacho kilifika Katanga kwa miguu ya misafara kama kilivyofika Maniema na Kivu, kisha kikakomaa katika kambi za wafanyakazi wa migodi. Union Minière ilichukua watu kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na pembe nyingine, na hao wote walihitaji lugha moja ya kazini na ya jioni baada ya kazi. Hicho ndicho Kiswahili cha nyimbo za Bosco. Hakina mapambo ya pwani. Ni Kiswahili cha mtu aliyevaa viatu vya kazi.

Katika miaka hiyo gitare haikuwa peke yake. Akordeoni, chombo kilichopewa hati ya uvumbuzi mjini Vienna mwaka 1829 kwa jina la Cyrill Demian, kilikuwa kimeshaingia Afrika kwa njia ya mabaharia, wafanyabiashara na wamisionari. Huko Leopoldville, Camille Feruzi alijipatia sifa kubwa kwa akordeoni na akarekodi na nyumba ya muziki ya Ngoma. Kenya, Wakikuyu walicheza mwomboko kwa akordeoni na kipete cha chuma. Unguja, chombo hicho kiliingia ndani ya taarab na hakijatoka mpaka leo. Sababu ya kupendwa kwake inaeleweka: mkono wa kulia unapiga wimbo, wa kushoto unapiga besi, na mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti anaweza kuchezesha arusi nzima. Wimbo wowote uliotoka kwenye gramafoni, awe ni walzi ya Ulaya au rumba ya Kuba, angeweza kuurudisha kwa watu jioni hiyohiyo.

Lakini akordeoni ina taabu zake. Ni ghali, ni nzito, na ikichoka ndani, vile vipande vidogo vya chuma vinavyotoa sauti hupoteza tuni. Fundi wa mtaani hana la kufanya. Gitare ni mbao na nyuzi. Ikipasuka, seremala anaiunga. Uzi ukikatika, vijana walijua kutafuta waya wa breki ya baiskeli. Tena Katanga ilikuwa imeunganishwa kwa reli na kusini mwa Afrika tangu mwaka 1910, na kwa njia hiyo bidhaa za kusini zilifika Elisabethville, magitare ya bei ndogo yakiwa miongoni mwake. Jina mojawapo la magitare hayo lilikuwa Gallotone. Na hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo: gitare ya kwanza ya John Lennon, kijana wa Liverpool aliyekuja kuanzisha Beatles, ilikuwa Gallotone iliyotengenezwa Afrika ya Kusini. Jina hilohilo ndilo lililobandikwa kwenye diski za Mwenda Jean-Bosco.

Kazi ambayo akordeoni ilifanya kwa mikono miwili, Bosco aliifanya kwa vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene za chini, kidole cha shahada nyuzi nyembamba za juu. Wapiga gitare wengi wa Katanga walipiga hivyo, kwa hiyo jambo halikuwa idadi ya vidole. Tofauti ya Bosco ilikuwa kwamba gumba lake na kidole chake havikutembea pamoja. Besi ilikwenda na hesabu yake, wimbo wa juu ukaja na hesabu nyingine, zikapishana, zikagusana, zikaachana tena. Msikilizaji wa redio ambaye hakumwona akipiga aliapa kwamba ni watu wawili. Wazungu waliosoma muziki chuoni waliposikia diski hizo nao walidhani hivyo, mpaka walipohakikishiwa.

Alichota wapi? Kwanza nyumbani, katika ngoma na nyimbo za Bayeke na za majirani zao, mpaka upande wa Zambia. Pili katika gramafoni. Diski za Kuba zilikuwa zimefurika Kongo, na za Trio Matamoros zilimgusa sana. Tatu katika sinema, zile picha za wachunga ng'ombe wa Marekani zilizoonyeshwa migodini, ambamo mtu mwenye kofia pana hushuka kwenye farasi na kushika gitare. Vijana wa miji yote ya Kongo walizitazama filamu hizo na kujifunza kutembea kama watu wa Texas. Bosco alijifunza pia nyimbo zao. Kwa hiyo tusimchore kama mzee wa kijiji aliyelinda mila mbali na dunia. Alikuwa kijana wa mjini, aliyevaa vizuri, aliyesikiliza vya kisasa na kuvirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1952 Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, Hugh Tracey, alipita Katanga na mashine zake za kunasa sauti. Tracey alikuwa amejipa kazi ya kukusanya muziki wa Afrika ya kusini na ya kati kabla haujabadilika, na kwa kawaida alitafuta zaidi ngoma za asili kuliko magitare. Inasimuliwa kwamba Bosco alikutwa Jadotville akitembea barabarani na gitare lake mkononi, akipiga. Alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Alirekodiwa hapo, na miongoni mwa nyimbo zilizotoka ni Masanga, Bombalaka na Mama na Mwana. Masanga ilipewa tuzo ya Osborn ya mwaka huo, iliyotolewa kwa kazi bora ya muziki wa Afrika. Fikiria jambo hilo: mtu aliyekuwa ametoka kuhifadhi za kale alirudi na kitu kipya kabisa, na hicho ndicho kilichoshinda.

Masanga ya kwanza haina maneno. Ni gitare tupu. Inaanza kwa upole, kama mtu anayebisha hodi, kisha besi inaingia na kuanza mabishano na nyuzi za juu. Bosco hakurudia kipande kilekile mara kumi. Kila mzunguko aligeuza kitu, mara mlio unachelewa, mara besi inapanda mahali ulipodhani itashuka. Dakika tatu za diski ya mizunguko 78 zilimtosha kusema mambo mengi. Kwa mpiga gitare wa wakati ule, Dar es Salaam au Kampala, kuweza kupiga Masanga kuliwa kama mtihani wa taifa. Wengi walipata sehemu ya mwanzo. Wachache walifika mwisho.

Miaka michache baadaye David Rycroft, mwalimu wa lugha za Kiafrika kwenye Chuo Kikuu cha London, alikaa na diski za Bosco na kuziandika noti kwa noti. Kazi yake ilitoka katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Ni nadra sana wakati huo mwanamuziki wa Kongo aliye hai, anayepiga muziki wa kisasa, kusomwa kwa makini kama wanavyosomwa Bach na wenzake. Sijui ni wangapi katika vyuo vyetu hapa Kivu wanaojua kwamba kazi hiyo ipo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alifika Nairobi. Sababu haikuwa tamasha kubwa bali matangazo ya dawa ya Aspro, ile ya kichwa kuuma. Alipata kipindi cha redio na sauti yake ikaingia nyumba za Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndugu yake wa ukoo, Edouard Masengo, naye wa Katanga, alikuwa pia Nairobi akijenga jina lake. Hao wawili walifungua mlango ambao baadaye Wakongomani wengi walipita. Magharibi ya Kenya kulikuwa tayari na wapiga gitare hodari wenye mtindo wao. Akina George Mukabi hawakuwa wanafunzi wa kufuata mtu kipofu. Lakini baada ya Bosco, kupiga kwa vidole kulipata heshima mpya, na wako wazee wa Kenya ambao waliposikia neno Kongo hawakufikiria Kinshasa bali gitare kavu ya Katanga.

Kisha mambo ya inchi yakachafuka. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi ya peke yake, na vita havikuisha mpaka Januari 1963. Upande wa Leopoldville, African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa imekwisha kuwapa Wakongomani wimbo wa uhuru, na OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa 1956, ilikuwa inapanda kila mwaka. Magitare yalikuwa ya umeme sasa, matatu kwa mpigo, pamoja na saksofoni na tumba. Mtu mmoja na gitare yake kavu alianza kuonekana wa jana.

Kuna kitu kingine kilichotokea ambacho sisi wa mashariki hatukisemi wazi. Muziki wa Kongo ulihamia katika Lingala. Redio yenye nguvu ilikuwa mji mkuu, studio zilikuwa mji mkuu, jeshi lilisema Lingala, na kijana wa Bukavu aliyetaka kusikika alipaswa kuimba kwa lugha ambayo bibi yake hakuijua. Hali hiyo haijabadilika sana. Miaka ya 1950 mambo yalikuwa tofauti: diski ya Kiswahili kutoka Jadotville ilikwenda Usumbura, Kigoma, Mombasa, na haikuomba ruhusa popote. Bosco, Masengo na Losta Abelo walikuwa na soko lililofuata lugha, si mpaka.

Bosco hakukaa kulia. Alirudi kwenye kazi ya biro. Kwa maisha yake karibu yote alikuwa mtu wa mshahara: alifanya kazi benki Lubumbashi, akafanya pia kwenye kampuni ya madini, na jioni na siku za mapumziko alipiga muziki. Alianzisha orkestra ya umeme, Super Shaba, kwa ajili ya watu waliotaka kucheza. Alimiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Wapo wanaosikitika wakisikia kwamba mpiga gitare wa kiwango hicho alikuwa akihesabu noti za benki asubuhi. Mimi naona tofauti. Wakati huo mwanamuziki mara nyingi alilipwa mara moja tu, siku ya kurekodi, na diski ikauzwa miaka na miaka bila yeye kuona faranga. Tunawajua wakubwa wa Kongo waliojaza viwanja na kufa bila kitanda. Bosco alilipa shule ya watoto kwa mshahara na akashika gitare pale alipotaka yeye. Hilo ni uhuru wa namna yake, ingawa lilitugharimu nyimbo ambazo hakupata muda wa kuzitunga.

Mwaka 1969 alialikwa Marekani, kwenye tamasha la Newport, jimbo la Rhode Island, mahali ambapo Pete Seeger na wenzake walikuwa wamelifanya kuwa makao ya muziki wa watu. Alipanda jukwaani na gitare kavu, mbele ya watu wasiojua neno la Kiswahili. Wakati huo Lubumbashi watu walikuwa wakinunua diski za OK Jazz.

Miaka mitatu baadaye, 1972, Mobutu aliagiza Wakongomani, ambao sasa waliitwa Wazairwa, waache majina ya Kikristo ya kigeni. Katanga ilikuwa imeitwa Shaba. Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Wengi walibadili majina kwa kuogopa, wengine kwa kutabasamu mbele ya serikali na kuendelea kuitana kama zamani nyumbani. Kwa huyu, jina jipya lilikuwa la kale kuliko lile alilonyang'anywa. Hata hivyo waliompenda tangu Nairobi waliendelea kumwita Bosco, na ndivyo anavyoitwa Kenya mpaka sasa.

Mwaka 1979 Mwingereza mpiga gitare, John Low, alikwenda Shaba kumtafuta. Alijifunza kwake na kwa wapiga gitare wengine wa jimbo, na safari hiyo ikawa kitabu, Shaba Diary, kilichochapishwa Vienna mwaka 1982. Mwaka huohuo wa 1982, kwa msaada wa mtafiti wa Austria Gerhard Kubik, Bosco alikwenda Ulaya kupiga na kurekodiwa. Alikuwa na zaidi ya miaka 50, na miaka mingi ilikuwa imepita akiwa na orkestra ya umeme, lakini vidole vilikuwa vinakumbuka. Kubik aliandika kwa kirefu juu yake, na picha za video za mikono yake zimewasaidia watu wa mbali kuona mwishowe kile ambacho redio ilificha: gumba moja, kidole kimoja.

Ni jambo la kushangaza kidogo, na la kuumiza pia. Ukitaka leo kujifunza Masanga hatua kwa hatua, utapata Mzungu anayekufundisha, na atakufundisha vizuri, kwa heshima na kwa kumtaja mwenyewe. Nyuzi zote zimeandikwa, zimechorwa, zimepigwa picha. Nani anafundisha Masanga Likasi? Nani Bukavu? Tuna vijana wenye vipaji hapa, kwenye kwaya za Kadutu na Nguba usikose kuwasikia, na wengi wao wanaanza moja kwa moja na kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe. Hakuna ubaya. Ila kinanda hicho hakimlazimishi mtu kugawa akili yake mara mbili, besi huku na wimbo kule, kama walivyolazimika wazee wa akordeoni na wa gitare kavu.

Albamu yake ya mwisho kubwa aliirekodi Cape Town mwaka 1988, Afrika ya Kusini ikiwa bado chini ya ubaguzi wa rangi. Humo sauti imezeeka, imekuwa nzito zaidi, na mwendo umepungua haraka ile ya ujana. Kwa masikio yangu hilo halipunguzi kitu. Nyimbo za zamani anazipiga kama mtu anayepita mtaa aliozaliwa, hana haja ya kuangalia anapokanyaga.

Miaka miwili baadaye ikaja ajali ya Zambia. Alikuwa na umri wa miaka 60 hivi. Inchi yenyewe ilikuwa imeshughulika na mengine: Aprili ya mwaka huohuo Mobutu alikuwa ametangaza mwisho wa chama kimoja, na mwezi wa tano wanafunzi walikuwa wameuawa kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Katika kelele hizo, kifo cha mpiga gitare kavu hakikupata nafasi kubwa.

Mikanda aliyorekodiwa na Tracey iko kwenye hifadhi ya International Library of African Music, iliyoanzishwa na Tracey mwenyewe mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda, Afrika ya Kusini. Baadhi ya nyimbo zimetolewa tena kwenye CD na zinasikika kwa simu, kwa mwenye megabaiti. Edouard Masengo, yule ndugu yake wa Nairobi, alibaki Lubumbashi na gitare yake, na aliyetaka kusikia habari za Bosco alikwenda kwake, mpaka naye alipofariki mwaka 2003.